Baba Mkwe na Tarishi Asiyefika

Jina la baba mkwe wangu silitaji hapa, na si kwa kuficha. Nilipoolewa Ikinga nilikatazwa kulitamka, na mdomo wangu umeshazoea. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba wa mume wake. Hamtazami, hasemi naye, hapiti mahali aliposimama. Akikutana naye ghafla njiani anatoka kando, anajifunika nguo kichwani na kugeukia majani mpaka apite. Baba Mkwe alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na darasani alifundisha kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Akirudi nyumbani, akifika kwenye uzio, alikohoa mara mbili ili niwahi kuingia jikoni. Miaka mitano niliyoishi pale hakusahau kukohoa hata siku moja, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa hiyo mtu ninayemweleza nilimjua kwa kikohozi chake, kwa viatu vyake vilivyoachwa mlangoni, na kwa michoro. Michoro ndiyo mingi. Nadhani hakuna mtu aliyeisoma yote isipokuwa mimi.

Alikuwa anachora michezo ya kuigiza. Mzungu mmoja wa misheni aliporudi kwao alimwachia sanduku la vitabu, na ndani yake mlikuwa na vitabu saba vya michezo ya zamani ya huko kwao, ya wafalme na majemadari na wake zao. Baba Mkwe alivisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, kama mtu anayechambua maharagwe. Mwanzoni alitaka kuigiza. Mama Mkwe ndiye aliyenisimulia habari hiyo, nasi tulicheka sana, kwa sababu jambo lenyewe lilitokea mbele ya wageni. Baba Mkwe alimpa mke wa mwalimu mwenzake sehemu ya malkia, na mfalme akawa fundi seremala wa misheni. Hakukumbuka kwamba yule seremala ni mdogo wa baba wa mume wa yule mama. Mama wa watu alijifunza maneno yake peke yake nyumbani wiki tatu. Siku ya sikukuu akatoka jukwaani, akasema maneno mawili, seremala akaingia amevaa taji la karatasi. Mama akajitupia nguo kichwani, akaruka kutoka jukwaani, akakimbilia nyuma ya kanisa. Seremala naye akageukia ukuta. Mfalme na malkia wakabaki hivyo, huyu ukutani, yule nyuma ya kanisa, na Mzungu mkubwa akauliza kama mchezo ndio umekwisha.

Baba Mkwe hakuigiza tena. Alimwambia Mama Mkwe kwamba watu wa penseli hawana wakwe.

Namna ya kuchora aliipata kwa mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa mume wangu. Alirudi kutoka migodini Rodeshia kuja kunioa, akaleta sahani sita za udongo zimefungwa kwenye gazeti la Kizungu. Ukurasa mmoja wa gazeti lile ulikuwa na picha zilizotiwa kwenye visanduku vidogo, mbwa anazungumza na mtu, na maneno yao yamefungwa kwenye kitu kama mfuko unaotoka mdomoni. Watu walisifu sahani. Baba Mkwe alichukua gazeti.

Visanduku aliviita vyumba. Kipimo chake kilikuwa kiberiti: alikilaza juu ya karatasi, akapiga mstari pande nne, akakisogeza. Vyumba kumi na viwili kwa ukurasa, visizidi wala visipungue. Karatasi ilikuwa ile ya bluu ya kufungia sukari, ambayo Mhindi wa dukani alimwekea mabaki yake, na wino ulikuwa wa shule, jambo ambalo angemchapa mwanafunzi kwa kulifanya. Nyekundu aliipata kwenye udongo wa barabarani. Chai yake aliinywa bila sukari maisha yake yote.

Hakujua kuchora mikono. Watu wake wote waliificha ndani ya nguo, wafalme, askari, wanawake, hata watoto, ukidhani nchi nzima ina baridi. Farasi hakuwahi kumwona, kwa hiyo farasi wake walikuwa mbuzi wakubwa wenye shingo ndefu. Majumba ya wafalme yalikuwa ya mianzi na nyasi, na vita vilipiganwa kwenye milima ya kwetu. Kuna jemadari mmoja aliyeuawa mahali ninapopafahamu, kwenye kivuko cha kwendea Itumba, na kila nilipopita pale nilipaangalia.

Lakini sura alizijua. Alichora kichwa cha mtu anayesikia jambo baya, bila machozi, kichwa tu kimeinama kidogo, nawe ukajua. Na mfalme akikutana na mke wa mwanawe, hata kama kitabuni wamekaa meza moja, yeye aliwatia vyumba viwili. Mfalme anasema chumba hiki, mke wa mwanawe anajibu chumba kile, na mstari wa wino uko katikati. Yule aliyesema watu wa penseli hawana wakwe. Mama Mkwe alimuuliza kwa nini, akajibu kwamba ndivyo anavyowaona.

Wanafunzi wake hawakuruhusiwa kuisoma michoro ile. Mkubwa wa shule aliziona kurasa mbili, akasema picha zitawafanya watoto wavivu wa kusoma, na Baba Mkwe, ambaye kwa mambo mengine alibishana naye hadharani, kwa hili alinyamaza. Mama Mkwe hakujua herufi. Mwanawe alisoma kwa adabu tu, na mara nyingi alikuwa mbali. Nikabaki mimi, niliyefika darasa la nne.

Kila Jumapili baada ya ibada na chakula Mama Mkwe aliniletea kurasa jikoni, nami nikamsomea kwa sauti huku nikimwonyesha picha. Baba Mkwe alikaa nyumba kubwa, upande wa pili wa uzio wa matete, hatua kama nane. Hakuna aliyesema kwamba anasikiliza. Nikikosea neno alikohoa mara moja. Nikicheka hakukohoa, ila kiti chake kililia. Nikimaliza nilizishona kurasa kwa shazia ya kushonea magunia na uzi wa katani kuwa kitabu, na kama nina neno nilimpa Mama Mkwe: mwambie yule askari ameniudhi, mwambie malkia anasema mno. Jibu lilirudi Jumapili ya pili, ndani ya picha. Malkia akawa amepunguza maneno.

Mume wangu aliondoka Atupele, mtoto wetu, akiwa anatambaa. Mwaka wa kwanza aliandika. Kisha barua zikakoma. Wanaume wengi wa kwetu walinyamaza hivyo wakiwa migodini, wengine waliolewa huko na nchi, kama tulivyokuwa tukisema, wakarudi na mvi. Kwa hiyo kunyamaza peke yake hakukuwa na maana. Ila nilijua, na kila mwanamke wa pale alijua, kwamba siku mume akitangazwa amekufa mimi si mke wa mtu tena pale. Nitapewa ndugu yake, mtoto wa baba yake mdogo, nikikubali, nisipokubali nitarudi kwetu, na mtoto atabaki, kwa kuwa ng'ombe walishatolewa na mtoto ni wa ukoo wao. Mimi nilishamwona ndugu yake. Kila mwezi uliopita bila habari, Atupele alilala kwangu. Nilitaka barua ije na nilitaka isije, na nikichoka kutaka vyote viwili nilifanya kazi.

Sasa niseme habari ya matarishi. Katika michezo ile ya zamani, mambo makubwa hayaonekani. Jemadari anafia mbali, halafu anakuja tarishi, anasimama mbele ya wakubwa na kusimulia. Baba Mkwe hakuwapenda matarishi hata kidogo. Alisema anayekusimulia vita amekunyima vita. Kwa hiyo katika michezo minne ya kwanza aliwafuta wote, akaenda mwenyewe kwenye vita na kuvichora. Mama Mkwe aliuliza kama kitabu hakitakasirika. Akasema kitabu kina karatasi nyingi, yeye anazo chache.

Mchezo wa tano ulikuwa wa mke wa jemadari anayemngoja mume wake. Alivyomweleza Mama Mkwe, kitabuni mke analalamika kidogo, tarishi anaingia, anasema mume amekufa, na mengine yote ni mambo anayofanya mke baada ya hapo. Nilitegemea tarishi afutwe kama wenzake na tuvione vita. Haikuwa hivyo. Jumapili ya kwanza mke alikuwa amekaa mlangoni, anagombana na kuku. Jumapili ya pili akatokea tarishi, amevaa kaki na kofia nyekundu kama matarishi wa bomani, ana barua mfukoni, anaanza safari.

Akatembea. Ukurasa mzima wa vyumba kumi na viwili anatembea. Jumapili iliyofuata akafika mtoni, mto umejaa, akakaa. Alikaa pale kurasa mbili, akavua samaki, akamchoma, paka akaiba. Akavuka. Kiatu kikakatika. Akatafuta fundi, fundi akawa amekwenda msibani. Akafika Tunduma, mpakani, askari wa forodha akampekua akamkuta na tumbaku, wakazungumza habari ya tumbaku ile kurasa tatu. Akalala kwa mwanamke mmoja wa Ihanda aliyekuwa na kahawa ya kuanika, mwanamke akampa kazi ya kugeuza kahawa juani, akageuza mpaka msimu ukaisha.

Huo ulikuwa mchezo wake bora. Aliyekuwa anaficha mikono akajifunza mikono, kwa sababu tarishi alikuwa na kazi nyingi. Mimi na Mama Mkwe tuliacha kumuulizia yule jemadari. Tulimuulizia tarishi. Jumapili tarishi alipojaribu kupanda ng'ombe wa watu nilicheka mpaka nikaweka karatasi chini, na nikasikia kiti kinalia upande wa pili, kinalia tena. Nilicheka sana miaka ile miwili. Nasema wazi kwa sababu ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko yote.

Nilishona vitabu kumi na kimoja. Cha mwisho tarishi anaonekana kwenye mlima unaotazama nyumba ya yule mke, amekaa juu ya jiwe, anakula ndizi.

Wiki hiyo alikuja kijana wa upande wa Itumba aliyetoka migodini. Alikuja na kilo ya sukari na uso wa pole. Mama Mkwe alimkaribisha uani, nami nilikuwa jikoni nikisikia. Akasema amekuja kutoa pole, na tumsamehe kwa kuchelewa, likizo zao ni za shida. Mama Mkwe akamuuliza pole ya nini. Kijana akasema pole ya mwenzao, mwamba uliwaangukia, yeye na wengine wawili. Akasema walidhani tuna habari, kwa maana waliandika mara moja kupitia shuleni, wakatuma na sanduku lake, na Mwalimu mwenyewe aliwajibu kwa mkono wake kwamba amepokea.

Mama Mkwe akauliza lini. Kijana akahesabu kwa vidole misimu ya mvua. Ilikuwa miwili na kitu.

Kumbukumbu yangu ya siku ile ni chungu cha maharagwe. Yalikuwa yanakaribia kuiva, nikaongeza maji. Wanawake waliingia wakanishika, wakalia, mmoja akanivua shanga. Sikulia. Walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema ni mshtuko, utapita. Sijui kama ulipita. Mama Mkwe alilia kwa sauti mpaka asubuhi, naye kilio chake kilikuwa cha mambo mawili, kwa sababu aliyemzaa amekufa na aliyemwoa alijua. Sanduku lilikutwa kwenye stoo ya shule, chini ya ramani. Baba Mkwe alikaa nyumba kubwa. Hakuna aliyemsikia akisema neno la kujitetea.

Wazee wa ukoo walikaa baada ya matanga. Nilimkataa ndugu wa mume wangu. Wakasema basi nirudi kwetu, mtoto abaki. Baba Mkwe alikuwepo kikaoni, na neno lake lingesikilizwa, yeye ndiye babu wa mtoto. Hakulitoa. Nilimfunga Atupele kwa nguo mgongoni kwa Mama Mkwe, yeye akidhani ni mchezo, nikaondoka. Kwetu sikukaa. Nilikwenda Tunduma nikauza maharagwe na unga kwa watu wanaovuka, nikapanga chumba, nikapata maisha yasiyo na kelele. Nilimwona Atupele Krismasi kwa Krismasi.

Watu waliponiuliza habari za Baba Mkwe, nilimtetea. Hilo liliwashangaza. Nilikuwa nimekaa na jambo lile nikaligeuza pande zote, na nikaona kwamba alinipa miaka miwili. Angeisoma ile barua hadharani siku ilipofika, Atupele angechukuliwa hata hajaacha ziwa vizuri. Yeye aliibeba mwenyewe, amefiwa na mwanawe wa pekee, hana wa kumwambia, na kila Jumapili akamrudisha tarishi nyuma ili mtoto alale kwangu. Nilipomfikiria hivyo niliweza kula. Na kwa sababu yake sikugombea mtoto. Kulikuwa na mahakama ya wenyeji, na karani mmoja pale mpakani aliniambia zaidi ya mara moja kwamba mama aliyekataa kurithiwa anaweza kusikilizwa. Nilimjibu kwamba siwezi kumburuta barazani mzee aliyenifanyia vile.

Mwaka wa nne nikasikia anaumwa. Nilipanda lori la mahindi, nikashuka, nikatembea sehemu iliyobaki. Nilifika mchana. Atupele alikuwa shuleni, Mama Mkwe alikuwa bondeni anapalilia, na jikoni palikuwa na uji wake umefunikwa, unangoja mtu wa kumpelekea. Nilijifunika kichwa, nikauchukua. Sikuingia. Nilikaa kizingitini, mgongo wangu umeelekea ndani, nikausogeza uji nyuma yangu kwa mkono.

Akakohoa mara mbili. Kisha, kama watu wetu wanavyofanya ikiwa hakuna wa kupitishia maneno, akazungumza na kiti. Alikiambia kiti kimuulize mgeni kama barabara ni nzuri. Nikakiambia kiti barabara ni nzuri. Akakiuliza kama biashara inakwenda. Nikajibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kikohozi chake, na nilitambua kwamba sikuwahi kuisikia karibu hivyo.

Halafu mimi nikaacha kuzungumza na kiti.

"Baba," nikasema, "nimekuja kukushukuru. Ulinificha ile habari ili nisitengwe na Atupele. Sikuwahi kukwambia."

Nilisikia kitanda kikilia. Angeweza kusema ndiyo, ningekwenda zangu. Mtu mgonjwa, anashukuriwa, ilikuwa neno moja tu.

"Hapana, Mama Atupele," akasema. "Si hivyo."

Akaendelea.

"Barua ilifika Ijumaa. Nikasema nitawaambia Jumapili, baada ya ibada. Jumapili Mama akakuletea zile kurasa kabla sijajiandaa. Ukasoma. Ukacheka pale mke anapogombana na kuku." Akapumzika. "Nikasema basi, wiki ijayo. Kila wiki nilisema hivyo. Nikiwaambia, wewe utaondoka, na mimi nitabaki na nani wa kusoma? Habari ya mtoto sikuifikiria. Hata kikaoni sikuifikiria. Nilikuwa nawaza kwamba kitabu cha kumi na mbili hakina msomaji."

Alisema polepole bila kujionea huruma, kama mtu anayesahihisha daftari. Nadhani aliona kwamba nastahili ukweli, na nadhani pia alikuwa amechoka nao. Sikusikia hasira. Niliitafuta, kwa kuwa nilijua hapo ndipo pake, ikawa haipo. Kilichokuja ni hesabu ya Krismasi nne.

Niliishusha nguo kichwani. Nikageuka pale pale kizingitini nikamtazama usoni. Sikufanya kwa kusahau. Alikuwa mzee mdogo mwenye masikio makubwa, ananitazama. Kisha akauvuta mfarishi, akajifunika mpaka juu ya kichwa, akabaki hivyo.

Nikamwambia uji unapoa.

Nilikwenda bondeni. Mama Mkwe aliinuka akanikumbatia na jembe mkononi. Nikamwambia nimekuja kumchukua Atupele, ataondoka nami leo, na wazee wakitaka shauri wanikute Tunduma, barazani. Alinitazama, akatazama upande wa nyumbani. Akaegesha jembe, akasema twende shuleni tukamtoe kabla hawajaingia vipindi vya mchana, na nguo zake zipo juu ya kamba, zimekauka.